Kupima Kumbukumbu ya Mzee: Anza na Masikio

Kabla hujatoa karatasi na kalamu, angalia masikio. Nawaambia hivi wahudumu wapya wa afya ya jamii kila tunapokaa nao, na hakosekani mmoja anayedhani natania. Mama wa miaka 79 anaambiwa akumbuke "kijiji", yeye anasikia "kijiko". Baadaye anaulizwa, anajibu kijiko bila kusita, anawekewa sufuri, na kufikia jioni ukoo mzima umeshapigiwa simu kwamba mama ameanza kupoteza akili. Akili iko. Kilichojaa ni nta.

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya cha umma huku Eastlands, kliniki ya presha na sukari. Wagonjwa wetu wengi ni wazee wa Kayole, Jericho, Makongeni na Umoja: waliostaafu reli, waliouza mboga Marikiti, na wengine walioletwa juzi kutoka mashambani wakae na watoto kwa sababu "siku hizi anasahau sahau". Ninayoandika hapa ni ya mhudumu wa mtaa mwenye mkoba wake begani, ya muuguzi aliye peke yake mbele ya foleni ndefu, na pia ya wewe mwenye mzazi nyumbani usiyejua kama hayo unayoyaona ni uzee tu.

Tuelewane mapema: huku ni kuchuja, si kutaja ugonjwa. Mchujo hukuonyesha nani aangaliwe zaidi. Dimenshia ni kundi la magonjwa ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu na kufikiri, na Alzheimer peke yake ni kama asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Kuitaja ni kazi ya daktari, baada ya kusikiliza historia, kupima mwili na damu, na mara nyingine kupiga picha ya kichwa.

Nani apimwe

Si kila mwenye mvi. Mwaka 2020 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga lilisema ushahidi uliopo hautoshi kupendekeza wala kukataa kuwapima wazee wote wasio na dalili. Mimi nina sababu yangu ya huku kwetu ya kukubaliana nalo: ukishamtia mtu hofu, uwe na mahali pa kumpeleka. Kwa hiyo napima nikiwa na jambo la kunisukuma. La kwanza ni malalamiko, ya mzee mwenyewe au ya anayeishi naye. La pili ni ninayoyaona mwenyewe kliniki. Mama aliyekuwa hakosi tarehe sasa anakuja siku zisizo zake. Presha ya mzee iliyotulia kwa miaka imepanda ghafla. Ukihesabu vidonge vyake unakuta vimebaki tele, au vimeisha kabla ya wakati. Vidonge husema mapema kuliko mwenyewe. La tatu ni mzigo wa hatari: kiharusi cha zamani, kisukari cha miaka mingi, kichwa kilichowahi kuumia vibaya, pombe. Hao wakishavuka 65 nawapima hata kama hakuna aliyelalamika, mradi nina muda wa kufanya hivyo vizuri.

Kabla ya swali la kwanza

Masikio yapime hivi. Simama nyuma ya mzee, urefu wa mkono mmoja kutoka kwake. Azibe sikio moja kwa kidole, wewe umnong'oneze neno la kawaida kwenye lile lililo wazi, alirudie. Fanya na upande wa pili. Asiposikia, achunguzwe, nta ikionekana ilainishwe na kutolewa, na kumbukumbu isubiri siku nyingine. Kama kusikia kumepungua kwa uzee, mketi uso kwa uso penye mwanga ili aone midomo yako, na useme polepole kwa sauti nzito. Kumpigia kelele hakusaidii, kunamwaibisha tu mbele ya foleni. Macho ni vilevile: mwenye mtoto wa jicho hatachora saa, na miwani iliyoachwa kabatini haisomi.

Kisha uliza kama amekula. Wengi huja kliniki ya sukari na tumbo tupu, na wapo wanaomeza dawa asubuhi kisha wakakaa kwenye benchi hadi saa sita. Mtu mwenye sukari ya 2.8 atachanganyikiwa hata awe na miaka 30. Mtoboe kidole kwanza, mpe chai yenye sukari kama imeshuka, na usimpime kumbukumbu siku hiyo.

Halafu lugha. Hapa Nairobi tunajidanganya kwamba Kiswahili kinamtosha kila mtu. Shosho aliyekulia Murang'a ana Kiswahili cha sokoni, cha bei na chenji. Mwambie ataje wanyama kwa dakika moja, utapewa ng'ombe, mbuzi, kuku, kisha kimya. Mruhusu ataje kwa Kikuyu, utashindwa kuandika kwa kasi. Kwa Mjaluo, Mkamba, Mluhya au Msomali ni yale yale. Tafuta mwenzako kazini anayeijua lugha hiyo. Akikosekana ndipo utumie aliyemleta, kwa sharti kwamba atafsiri bila kudokeza, na hilo sharti huvunjwa karibu kila mara. Hakuna mtoto anayependa kumwona mama yake akikwama. Atamsaidia kwa jicho, kwa kidole, hata kwa kikohozi. Mimi humketisha nyuma ya mzee, mahali ambapo macho yao hayakutani.

Na masomo. Mama aliyezaliwa Kiambu au Nyeri 1946 alikuwa na miaka sita hivi hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, na ilipoondolewa Januari 1960 umri wake wa kuanza shule ulikuwa umeshapita. Shule nyingi za Wakikuyu zilifungwa, watu wakahamishiwa vijiji vya lazima. Sasa unamkabidhi penseli. Uliza alisoma hadi wapi kwa heshima, si kama karani wa kuandikisha, na uandike jibu juu kabisa ya karatasi, maana alama zote zitakazofuata zitasomwa kwa kutegemea hilo. Kama hata mwaka wa kuzaliwa haujui, tumia matukio: alikuwa ameolewa wakati wa uhuru, 1963? Kenyatta alipofariki, 1978, mtoto wake wa kwanza alikuwa darasa gani?

Muulize anayeishi naye

Kama una dakika kumi tu, sita zimalizie hapa. Omba ruhusa kwa mzee ("mama, naweza kuongea na binti yako kidogo?"), kisha ukae na huyo msindikizaji pembeni. Mimi hutumia maswali manane yaliyotungwa Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis, yanayojulikana kama AD8. Yote yanauliza jambo moja kwa sura tofauti: je, kumekuwa na mabadiliko katika miaka hii michache, yanayotokana na kufikiri au kumbukumbu? Mzee ambaye tangu zamani hajawahi kuijua simu ya kugusa hajabadilika, na hilo usiliandike kama ndiyo. Aliyekuwa akituma pesa mwenyewe na sasa hawezi, huyo amebadilika.

Kwa maneno ya huku kwetu maswali yanakuwa hivi. Uamuzi wake umeharibika, kwa mfano ametapeliwa na mtu aliyepiga simu akisema "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie", na yeye ndiye aliyekuwa akiwaonya wengine? Ameacha vitu alivyovipenda, kwaya, chama, drafti pale chini ya mti? Anarudia swali lile lile au hadithi ile ile? Kifaa kipya kinamshinda kujifunza, rimoti, tokeni za stima, mtungi wa gesi? Anasahau mwezi au mwaka? Hesabu za pesa zenye mambo mengi, kodi, bili, michango, zimeanza kumchanganya? Anasahau miadi? Na la mwisho, je, kufikiri na kukumbuka kumekuwa shida ya kila siku? Ndiyo mbili au zaidi, huyo anahitaji kuangaliwa zaidi, hata kama ameongea na wewe kwa ufasaha wa mhubiri.

Swali la pesa ndilo huniambia mengi, na sijuti kukaa nalo muda mrefu. Mama mmoja mwenye nyumba za kupanga mtaa wa jirani aliletwa na mpwa wake kwa sababu ya presha, basi. Nikauliza kuhusu kodi, mpwa akatoa daftari kwenye mkoba. Kurasa za mwanzo zilikuwa safi kama za benki: chumba, jina, tarehe, kiasi, sahihi. Kufika katikati, tarehe zilianza kukosekana. Chumba namba nne kiliandikwa mara mbili mwezi mmoja kwa kalamu mbili tofauti, mara moja amelipa, mara moja anadaiwa. Kurasa za mwisho zilikuwa na majina tu, moja likiwa la mpangaji ambaye mpwa alisema alihama zamani. Mama mwenyewe, ukimuuliza, wapangaji ndio wezi. Hakuna karatasi ya kupima iliyowahi kunionyesha kushuka kwa mtu mwaka hadi mwaka namna ile. Tangu hapo huomba kuona kitu: daftari la chama, kitabu cha duka, kadi ya kliniki, jumbe za simu.

Chagua vizuri wa kumuuliza. Mtoto aliye ng'ambo anayepiga simu Jumapili hatakuambia kitu, kwa sababu mzee wa simu ni mzee mzima. Salamu, baraka na "Mungu awasaidie huko" hutoka zenyewe, na adabu za mtu hudumu muda mrefu baada ya mengine kuanza kupotea. Dada wa kazi anajua maji yaliachwa yakitiririka mara ngapi. Mjukuu anayelala chumba kimoja na shosho anajua nani aliamka usiku wa manane kuvaa viatu aende nyumbani, na tayari yuko nyumbani.

Usidanganywe pia na kumbukumbu za zamani. "Mzee hana shida, anakumbuka siku ya uhuru saa kwa saa." Vizuri, na nani alimsalimia jana? Katika Alzheimer, yanayotangulia kupotea ni ya karibu; ya 1963 hubaki kwa muda mrefu. Muulize amekuja kwa matatu gani, mahubiri ya Jumapili yalihusu nini, usiku alikula nini, kisha uhakikishe na msindikizaji.

Kipimo chenyewe

Kwa aliyesoma kiasi, natumia Mini-Cog. Haina mambo mengi. Mwambie maneno matatu yasiyohusiana, kwa mfano kijiji, jikoni, mtoto. Ayarudie papo hapo. Asipoyapata rudia, lakini usizidi mara tatu. Kisha mpe karatasi yenye duara, aweke namba zote za saa, halafu mishale. Baada ya hapo muulize yale maneno. Kila neno alilokumbuka bila msaada ni alama 1. Saa ni 2 au 0, hakuna katikati: namba zote 12 ziwepo kwa mpangilio na mahali pake, na mishale ielekee inapotakiwa. Urefu wa mishale usikusumbue. Saa ikimshinda kwa dakika tatu, endelea mbele. Jumla ni 5. Akipata 0 hadi 2, apelekwe mbele. Akipata 3 hadi 5 uwezekano ni mdogo, lakini haujafutika, na kama maswali manane ya familia yamekupa ndiyo tano, mimi huamini familia.

Kwenye saa kuna mtego ambao waliotunga kipimo hawakuufikiria. Maelekezo yanataka mishale ionyeshe 11:10. Muuguzi kijana anayeyasoma kwa Kiingereza anageuza kichwani, anamwambia mzee "weka saa kumi na moja na dakika kumi". Mzee anaelekeza mshale mfupi kwenye 5, anawekewa sufuri, kumbe amefanya sawasawa kabisa, kwani saa kumi na moja ya Mswahili iko pale. Sema "saa tano na dakika kumi", mshale uende kwenye 11 na mwingine kwenye 2. Na uandike pembeni ulivyotamka, ili atakayempima mwakani atamke vilevile.

Asiyejua kusoma wala kuandika usimpe saa. Kuna kipimo kinachoitwa IDEA, kilichotengenezwa kwa wazee wa vijijini wilaya ya Hai, Tanzania, na kujaribiwa pia Nigeria, kwa kukusudia watu ambao hawakuona shule. Hakina kuandika. Kinauliza mambo kama daraja ni nini, leo ni siku gani ya wiki, kiongozi wa eneo lenu ni nani. Kinataka wanyama wa dakika moja. Kina orodha ya maneno kumi ya kukumbuka. Na mzee anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo ulilompangia wewe. Jumla ni 15. Kuanzia 7 kushuka, uwezekano wa dimenshia ni mkubwa; 8 na 9 ni shaka. Nakipenda kwa sababu hakimdhalilishi mtu. Wazee hufurahia zile njiti, na nimeshaona mzee akinikosoa mpangilio wangu.

Vipimo virefu zaidi vya kumbukumbu na kufikiri, MMSE ya mwaka 1975 na MoCA ya 2005, vyote vya alama 30, utavikuta hospitali kubwa, na MoCA inataka mafunzo na cheti. Waachie walio na nafasi. Ninalokuomba tu ni kwamba usichukue kiwango cha 26 cha MoCA, kilichowekwa Kanada, ukamhukumu nacho mama aliyeishia darasa la tatu. Kutaja maneno yanayoanza na herufi fulani ni mchezo wa aliyekaa shuleni.

Chochote utakachotumia, usimsahihishe mzee anapokosea wala usimwambie "umepita". Mwanzoni mimi husema: "Mama, tumepima presha na sukari, sasa tupime na kumbukumbu. Mengine ni rahisi, mengine yanawashinda hata vijana." Hapo anatulia.

Vinavyojifanya dimenshia

Swali la kutenganisha ni moja: ilianza lini? Kama jibu ni "Jumanne", weka karatasi kando. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, kunakopanda na kushuka ndani ya siku moja, mtu akiwa na usingizi mzito au wasiwasi usio wa kawaida, ni dharura. Tafuta maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria kama ametoka eneo lenye malaria, sukari iliyoshuka au kupanda, upungufu wa maji na chumvi mwilini, haja kubwa iliyoziba, dawa mpya. Mwombe ataje siku za wiki kinyumenyume, Jumapili, Jumamosi, Ijumaa. Aliyechanganyikiwa ghafla hupotea njiani. Huyo anaenda hospitali leo, haandikiwi tarehe.

Mfuko wa dawa umwagwe mezani, wote, pamoja na za duka la dawa na alizopewa na jirani. Amitriptilini tunayowapa kwa miguu inayowaka moto, klofeniramini ya mafua na kuwashwa, diazepamu ya usingizi, benzheksoli: hizi zote hufifisha akili ya mzee, na mbili kwa pamoja ni mbaya zaidi. Wazee wa kisukari wa kliniki yangu wengi wamemeza metformini miaka nenda rudi, nayo hupunguza vitamini B12, na ukosefu wa B12 husahaulisha. Tezi ya shingo iliyolegea, kaswende ya zamani, virusi vya UKIMWI, pombe, vyote vina vipimo vya damu na vingi vina tiba. Uliza pia kuhusu kuanguka. Mzee aliyeangushwa na bodaboda au aliyeteleza bafuni, hasa anayetumia dawa za kuyeyusha damu, anaweza kuvuja damu polepole kichwani na kuanza kuzubaa wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshasahau ajali. Huyo anahitaji picha ya kichwa haraka.

Huzuni ndiyo inayofichama kuliko zote. Mjane wa miezi sita anayejibu "sijui, sijui" kila swali huenda hajasahau chochote. Uliza mawili: wiki mbili hizi amekosa hamu au furaha ya mambo? Amejisikia mnyonge au amekata tamaa? Mwenye dimenshia mara nyingi hujaribu na kukosea, kisha akatoa kisingizio. Mwenye huzuni hajaribu. Si kanuni ya kuapia, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Kumwambia, na watu wa ploti

Usitamke jina la ugonjwa. Sema: "Kumbukumbu yako leo imeonyesha kitu ninachotaka daktari akiangalie. Vitu vingi huleta hali hii na vingine vinatibika." Mwambie yeye kwanza, kisha familia, kama amekubali. Akikataa kwenda, usigombane naye. Mpe tarehe ya presha iliyo karibu na uongee naye tena.

Halafu wapo watakaokuja baadaye bila mzee, wamevaa vizuri, wakitaka "ile karatasi". Ukiuliza sana utasikia habari za ploti ya Ruai au hatimiliki iliyofungiwa sandukuni. Alama za mchujo si ushahidi kwamba mtu hawezi kuamua mambo yake, na faili ni la mgonjwa. Mimi huwajibu kwamba hayo yana daktari wake na mahakama yake, kisha namwita anayefuata kwenye foleni. Upande wa pili kuna wanaosema amerogwa, au yeye ndiye mchawi. Hilo usilicheke. Kilifi na Kisii wazee wameuawa kwa tuhuma hizo, na familia za Nairobi zina mashamba na majirani huko. Mzee akianza kutangatanga usiku, familia ielezwe mapema kabla hajarudishwa kijijini kwamba huo ni ugonjwa wa ubongo, na ikibidi mhudumu wa afya wa kule apigiwe simu.

Barua ya rufaa iwe na haya: ilianza lini na vipi, maswali manane yamejibiwaje na nani, kipimo gani kwa lugha gani, alama, masomo, masikio na macho, dawa zote. Daktari wa hospitali ya Kenyatta au Mathari akipata barua ya "memory loss, please review" ataanza upya, na mzee atarudi bila la maana. Hakikisha usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, umekamilika kabla ya safari. Wakati wanasubiri, familia ifanye machache: namba ya simu kwenye mfuko wa koti, mtu mmoja wa kusimamia dawa, jicho kwenye gesi, na PIN ya simu isijulikane na kila mjukuu. Alzheimer's and Dementia Organization Kenya huwakutanisha wanaotunza wagonjwa, na anayetunza anahitaji hilo mapema kuliko anavyodhani.

Mzee asiyefika kiwango cha rufaa lakini hajakutuliza, mpime tena baada ya miezi sita, kwa kipimo kile kile, lugha ile ile, asubuhi kama ile.

Na aliyemleta

Mzee akishaondoka kitini, mwambie binti yake akae. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoweza kubadilishwa, na kukadiria kwamba yakiondolewa yote, karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingezuilika au kucheleweshwa: elimu ndogo utotoni, kupungua kusikia, kolesteroli mbaya, huzuni, kuumia kichwa, kutofanya mazoezi, kisukari, sigara, presha, unene, pombe nyingi, upweke, hewa chafu, na kutoona kusikotibiwa. Mengi ya haya hufanya kazi yake mtu akiwa wa makamo. Hata alama za CAIDE, zilizotoka kwenye utafiti wa Finland, zilitungwa kukadiria hatari ya miaka 20 mbele kwa mtu wa makamo, kwa umri, jinsia, masomo, presha, uzito kwa urefu, kolesteroli na mazoezi. Kwa hiyo anayefaa kukadiriwa hatari ni huyu wa miaka 48 anayebeba mkoba wa mama yake, ambaye hajapimwa presha tangu alipojifungua kitinda mimba.

Mfunge mkanda wa presha. Apumzike dakika tano, miguu chini, asiongee, upime mara mbili. Lengo kuanzia miaka 40 hivi ni namba ya juu isizidi 130. Mtoboe kidole, pima kiuno, uliza kama watoto wanalalamika redio iko juu. Uliza kuhusu bodaboda na helmeti. Uliza anapika na nini: jiko la makaa ndani ya chumba kimoja lina moshi wake, achilia mbali wa jaa la taka la Dandora. Atakuambia hakuja kwa ajili yake, ana haraka, mama anasubiri nje. Nami humwambia kwamba 158 kwa 96 haina haraka, nikamfungulia kadi na kumwandikia tarehe moja na ya mama yake, waje pamoja.